Shusha Pumzi Kwanza

Maisha yangu yote nimeambiwa nivute pumzi. Nikishikwa na pumu tu, kila aliye karibu anageuka mwalimu: vuta pumzi, vuta ndani, vuta tena. Bingwa wao ni dada yangu mkubwa. Tulipokuwa watoto tulilala chumba kimoja, na kifua changu kikianza kulia usiku yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuamka. Alikuwa anakaa ukingoni mwa kitanda, kiganja chake mgongoni mwangu, anarudia kwa sauti ya chini, "Vuta, mdogo wangu, vuta." Nami navuta. Navuta mpaka mabega yanagusa masikio, mpaka mishipa ya shingo inasimama, na kadiri ninavyovuta ndivyo ninavyozidi kukosa.

Nilikuwa na miaka thelathini na kitu nilipokutana na muuguzi aliyenikatiza katikati ya huko kuvuta. "Acha kwanza," akasema. "Toa." Nilimwangalia kama mtu anayenitania. Nitoe nini, na hewa yenyewe sina? "Unayo," akasema. "Imejaa humo. Ndiyo maana nyingine haipati pa kuingia."

Alisema kweli, na hadi leo nashangaa ilichukua miaka mingapi mtu kuniambia. Mirija ya hewa ndani ya mapafu imezungukwa na misuli myembamba. Kwa mwenye pumu, kuta za mirija hiyo huwa zimevimba na nyepesi kukasirika hata siku ambazo hajisikii vibaya. Likitokea la kuichokoza, iwe vumbi, moshi, mafua, hewa baridi au kicheko kirefu, misuli inakaza, uvimbe unaongezeka na ute mzito unajaa. Sasa, ukivuta hewa kifua kinatanuka na mirija inavutwa ipanuke kidogo, ukitoa, inabanwa. Kwa hiyo hewa inaingia kwa shida na inatoka kwa shida kubwa zaidi. Ndiyo sababu mluzi wa pumu husikika hasa wakati wa kutoa. Hewa ya zamani inabaki chini, unavuta mpya juu yake, unavuta nyingine juu ya hiyo, mpaka kifua kinakuwa kama pipa lililofurika na wewe bado unaona unakufa kiu.

Lugha yetu ilikuwa inajua. Mtu aliyenusurika hatatuambia amevuta pumzi. Atasema ameshusha pumzi. Pumzi, kupumua, kupumzika, pumu yenyewe: maneno haya yakisemwa pamoja yanasikika kama watoto wa nyumba moja, na huyo wa mwisho ndiye mtukutu wao.

Naanza na habari hii kwa sababu ninachotaka kuandika leo ni jinsi nilivyojifunza kukaa na pumu bila kugombana nayo, na bila kuidharau. Nilipitia mafunzo ya wiki nane ya kile ambacho Waingereza huita mindfulness, na kwa Kiswahili wengine huita umakinifu na wengine uzingativu: kuweka akili kwenye kinachotokea sasa hivi, bila kugombana nacho. Sikwenda kwa hiari ya moyo. Nilikwenda kwa hasira.

Hasira yenyewe ilitoka kwa daktari. Usiku mmoja nilifikishwa hospitali nikitweta, mikono inakufa ganzi, midomo inachonyota, nina hakika mwisho wangu umefika. Walinipima, wakanipa dawa, wakanipima tena. Daktari akaangalia karatasi, akaniangalia mimi, akasema pumu ya usiku ule ilikuwa ndogo. Kilichonipeleka mbio ni hofu. Kama hujawahi kuishi na ugonjwa huu huwezi kujua sentensi hiyo inavyochoma. Tumeambiwa tangu utotoni kwamba tunajidekeza, kwamba tunaigiza ili tusitumwe kazi. Nilisikia "hofu" nikaelewa "uongo". Nikarudi nyumbani sisemi na mtu.

Baadaye, hasira ilipopungua, nilianza kusoma. Nikakuta suala hili ni la zamani kuliko nilivyodhani. Mwaka 1886 daktari wa Marekani, John Noland Mackenzie, aliandika habari ya mgonjwa wake aliyekuwa akishikwa na kifua kila akikaribia mawaridi. Siku moja akamletea waridi la bandia, lililosafishwa lisiwe na chembe ya vumbi. Mwanamke yule akaliona, na baada ya muda mfupi akaanza kupiga chafya na kubanwa kama kawaida. Halikuwa ua. Lakini mapafu yake hayakuwa yanaigiza.

Kisa cha mgonjwa mmoja hakitoshi, najua. Mwaka 1968 watafiti wa New York, wakiongozwa na Thomas Luparello, waliwakusanya watu 40 wenye pumu, wakawavutisha mvuke wa maji ya chumvi huku wakiwaambia ni kitu kinachowachokoza. Mirija ya watu 19 ilibana kwa kiwango kilichoonekana kwenye vipimo. Kumi na wawili kati yao walipata pumu kamili, na mluzi juu. Kisha wakapewa maji yaleyale ya chumvi, safari hii wakiambiwa ni dawa, na mirija ikafunguka. Walipowafanyia hivyohivyo watu wasio na pumu, hakuna kilichobadilika.

Nilisoma hayo mara tatu. Maana yake si kwamba pumu ni mawazo tu. Maana yake ni kwamba njia kati ya mawazo na mirija ya hewa ni njia halisi ya mwili. Kuna neva ndefu, ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani, na moja ya kazi zake ni kukaza misuli ileile. Zaidi ya hapo, mtu mwenye hofu anahema haraka na kwa mdomo, na hewa nyingi ya haraka hukausha na kupoza mirija, jambo ambalo ni kichokozi kamili cha pumu. Ganzi ya mikono na midomo ile usiku ule? Ndiyo dalili ya kuhema kupita kiasi. Daktari alikuwa sahihi. Alichokosa ni namna ya kusema.

Kwa hiyo nikajiandikisha.

Mafunzo haya yana historia fupi. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, mwanasayansi aliyekuwa amefanya tafakuri ya Kibuddha kwa miaka, alianzisha kozi katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts kwa ajili ya wagonjwa ambao madaktari walikuwa wamefika mwisho wa uwezo wao: watu wa maumivu sugu, watu wa msongo. Aliondoa mambo ya dini, akabakiza mazoezi. Wiki nane, mkutano mmoja kila wiki wa saa mbili na zaidi, siku moja nzima ya ukimya, na mazoezi ya nyumbani ya kama dakika 45 kila siku. Mpango huo umesambaa duniani, na niliyosoma mimi ni tawi lake.

Kabla hata ya zoezi la kwanza nilikwama kwenye jina. Umakinifu kwangu ni wa mtihani, wa mtu anayeshona au anayevuka barabara. Neno lililonifaa nililipata mwenyewe, tena kwenye salamu. Sisi tukikutana tunaulizana, "Upo?" Tunajibu, "Nipo." Tunaisema kwa mazoea, hata kama akili iko kwingine kabisa. Mafunzo yote ya wiki nane, kwa jinsi nilivyoyaelewa, ni kujifunza kujibu swali hilo bila kusema uongo.

Zoezi la kwanza lilinishinda. Mwalimu alituambia tufumbe macho na kufuata pumzi, inaingia, inatoka, bila kuibadilisha. Wenzangu walitulia kama watoto waliolala. Mimi nilipoigusa tu pumzi yangu kwa akili, ikasimama. Nikawa siwezi kupumua bila kuamuru. Kifua kikaanza kubana, nikafungua macho, nikashika inhela mfukoni, kile kichupa cha dawa ya kuvuta. Baada ya kipindi nilimfuata mwalimu nikamwambia, kwa sauti isiyo na adabu sana, kwamba mimi pumzi naifuatilia tangu nina miaka minne, na kama kuifuatilia ndiyo dawa ningekuwa nimepona zamani.

Hakukasirika. Akaniuliza, "Unaifuatilia kama nani?"

Swali hilo nililibeba wiki nzima. Nilikuwa naifuatilia kama mlinzi wa usiku. Mlinzi hatazami bustani, anatafuta mwizi. Kila kivuli ni mwizi, kila jani likicheza ni mwizi, na ikipita saa bila mwizi anajua tu kwamba mwizi amechelewa. Hivyo ndivyo nilivyosikiliza kifua changu miaka yote. Nilidhani naujua mwili wangu kuliko watu wengi, kumbe nilikuwa najua kitu kimoja tu: sauti ya mluzi.

Mwalimu akanihamisha. Akaniambia niachane na pumzi kabisa, niweke akili kwenye nyayo. Sakafu ni baridi au joto? Kisigino kinagusa wapi? Ukipotea, rudi kwenye nyayo. Kama una pumu na unafikiria kuanza mazoezi haya, hili ndilo la kwanza ningekuambia: si lazima uanze na pumzi. Sikiliza sauti za nje, shika vidole, hisi uzito wa mwili kwenye kiti. Pumzi itakungoja. Mimi nilirudi kwake wiki ya tano tu, tena kwa mlango wa nyuma, nikianza na kutoa. Niliacha pumzi ishuke yenyewe, ndefu kuliko ilivyoingia, bila kuisukuma.

Kuhusu mambo mengine ya kozi sina maneno mengi. Kuna zoezi la kula zabibu kavu moja kwa dakika kadhaa, kuitazama, kuinusa, kuigeuza. Nilijiona mjinga na bado najiona. Kuna la kulala chali na kuupitia mwili kipande kwa kipande, kuanzia vidole vya miguu hadi utosini. Mara nyingi nilifika magotini nikalala usingizi. Siku ile ya ukimya nilihesabu dakika.

Lakini wiki ya tano au ya sita likatokea jambo. Nilikuwa nimekaa ofisini, nafanya kazi ya kawaida, nikagundua najikuna chini ya kidevu. Nikaacha. Baada ya muda mkono umerudi palepale. Kisha nikapiga miayo mara tatu mfululizo, wala si usingizi. Mabega yalikuwa yamepanda kidogo. Kifua kilikuwa kimya kabisa, hakuna mluzi, hakuna kubana. Saa moja baadaye pumu ikafika.

Siku zilizofuata nilianza kuona mpangilio huo tena na tena. Kidevu kinawasha, miayo inakuja, mabega yanapanda, koo linataka kukohoa kikohozi kidogo kikavu, halafu, mwisho kabisa, mluzi. Nilimwambia daktari nikidhani nimevumbua kitu. Akatabasamu, akasema ni dalili za awali zinazojulikana, kuwasha kidevu au koo ni mojawapo, ila kila mtu ana mpangilio wake na wengi hawaujui. Ulikuwepo miaka yote. Mlinzi alikuwa anaangalia lango, na mwizi siku zote alikuwa anaingilia dirishani.

Hapo ndipo nilipoanza kuyaheshimu mafunzo. Sikuheshimu utulivu wake, kwa kweli utulivu nilikuwa bado sina. Niliheshimu kwamba yalinipa saa moja. Saa moja kabla ya pumu ni muda mwingi sana: unaondoka kwenye chumba chenye rangi mbichi, unatumia dawa mapema, unaacha kupanda ngazi kwa mashindano.

Jambo la pili lilikuwa ni kutenganisha. Pumu ikinishika, huja na mwenzake. Mmoja ni kubana kwenyewe: mzigo kifuani, mluzi, kazi ya ziada ya kutoa hewa. Wa pili ni maneno. "Leo ndiyo leo." "Dawa imebaki kidogo." "Wakikukuta asubuhi je?" Zamani hao wawili walikuwa kitu kimoja, siwezi kusema huyu anaishia wapi na yule anaanzia wapi. Zoezi tulilofundishwa ni rahisi mpaka linachekesha: kila kinachotokea unakipa jina kimoja kimyakimya. Kubana. Joto. Hofu. Wazo. Kubana. Hofu. Ukishakiita hofu, hakiondoki, lakini kinasogea pembeni kidogo, na kile kinachobaki katikati ni pumu peke yake, na pumu peke yake mara nyingi ni ndogo kuliko nilivyozoea kudhani.

Kuna utafiti unaoniambia kwamba sikuota. Mwaka 2005 Melissa Rosenkranz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Madison waliwaweka watu wenye pumu ndani ya mashine ya kupiga picha ubongo, wakawapa maneno ya kusoma baada ya kuwavutisha kile kinachowachokoza. Maneno mengine yalikuwa ya kawaida, mengine ya kuhuzunisha, mengine ya pumu yenyewe, kama vile neno la kukoroma kwa kifua. Sehemu mbili za ubongo zinazohusika na hisia na hali ya mwili ziliitikia maneno ya pumu zaidi, na kadiri zilivyoitikia ndivyo dalili za uvimbe na kubana kwa mirija zilivyokuwa kubwa. Walikuwa watu 6 tu, kwa hiyo sitajenga nyumba juu yake. Lakini mimi ninayebanwa nikisikia mtu akikohoa kwenye simu sikushangaa.

Sasa nifike kwenye kosa, maana kama ningeishia hapa makala hii ingekuwa ya hatari.

Miezi kama mitatu baada ya kozi nilikuwa nimekuwa fundi. Angalau nilijiona hivyo. Jioni moja kifua kikaanza kubana. Nikakaa kitini, nyayo sakafuni, nikaanza: kubana, hofu, kubana, wazo. Hofu ikapungua, vizuri. Nikaendelea. Inhela ilikuwa mezani, hatua tatu tu kutoka nilipo, na nikajiambia, kwa kiburi ambacho sasa nakiona waziwazi, ngoja nione kama naweza bila hiyo. Dakika arobaini baadaye nilikuwa na amani kabisa. Kulikuwa na uzito fulani, lakini uko mbali, kama sauti ya redio ya jirani. Nilinyanyuka niende kulala, na njiani, kwa mazoea tu, nikachukua kile kibomba cha plastiki cha kupulizia kinachopima nguvu ya pumzi.

Siku zangu njema kabisa napuliza 420, yaani lita kwa dakika. Jioni ile, nikiwa mtulivu kama mtawa, nilipuliza 230. Nikarudia nikidhani nimekosea. 225.

Wanaotumia kipimo hiki wanajua maana yake. Kutoka asilimia 80 ya kiwango chako bora kwenda juu ni kijani. Kati ya 50 na 80 ni njano. Chini ya 50 ni nyekundu, hapo hakuna mjadala, unatumia dawa na unatafuta msaada. Nilikuwa kidogo tu juu ya mstari mwekundu, na ningelala.

Nilitumia dawa mara moja, na baadaye usiku uleule nikaenda hospitali. Daktari wangu aliposikia siku chache baadaye hakunipigia kelele, ila aliniambia habari ya utafiti mmoja wa Boston uliochapishwa mwaka 2011. Watu wenye pumu walipewa, kwa nyakati tofauti, inhela ya kweli ya salbutamoli, dawa ya kufungua mirija, inhela tupu isiyo na dawa, sindano za uongo za akupancha, ile tiba ya Kichina ya kuchoma vijisindano mwilini, au hawakupewa chochote ila kukaa na kusubiri. Waliulizwa wanajisikiaje. Waliopewa inhela ya kweli walisema wamepata nafuu ya asilimia 50. Inhela tupu, 45. Sindano za uongo, 46. Kusubiri tu, 21. Ukiishia kwenye maelezo yao, inhela tupu ni nzuri karibu sawa na ya kweli. Lakini mapafu yalipopimwa, dawa ya kweli iliongeza hewa wanayoweza kutoa kwa nguvu katika sekunde ya kwanza kwa asilimia 20. Zile nyingine zote, pamoja na kusubiri, kama asilimia 7.

"Kujisikia vizuri na kufunguka ni vitu viwili," akasema daktari. "Wewe umejifunza la kwanza. Usidhani umepata la pili."

Kuna kundi jingine linalonitisha zaidi. Watafiti wa Japani waliandika mwaka 1994 kuhusu watu walionusurika kufa kwa pumu, wakakuta uwezo wao wa kuhisi kukosa hewa ulikuwa umefifia kuliko wa wengine. Hawakuwa wanapuuza, kengele yao haikulia kwa nguvu. Hebu fikiria kumpa mtu wa namna hiyo zoezi la kuizima hofu. Hofu ina makosa yake mengi, lakini ni kengele, na mtu hazimi kengele kabla hajatazama kama kuna moto.

Tangu siku hiyo utaratibu wangu umegeuka. Dalili za awali zikija, napima. Ikiwa njano, natumia dawa kwanza, na nakaa baadaye. Kukaa ni kwa ajili ya zile dakika za kusubiri dawa ifanye kazi, ambazo zamani ndizo zilikuwa jehanamu yangu. Natikisa inhela, natoa pumzi yote ninayoweza, nabonyeza na kuvuta taratibu, nashikilia hadi kumi, nasubiri kabla ya pumzi ya pili ya dawa. Ukiangalia vizuri, hilo nalo ni zoezi la kuwepo. Mtu mwenye wahaka hawezi kuifanya sawasawa. Mimi nilikuwa nabonyeza mara tano mfululizo na nusu ya dawa inaishia kwenye ulimi.

Na ile dawa nyingine, ya kinga, yenye steroidi ya kutuliza uvimbe? Hapa nina aibu kidogo. Kwa miaka niliandikiwa niitumie kila siku na niliitumia nilipokumbuka, yaani nilipougua. Nilikuwa najiambia mimi msahaulifu tu. Siku moja asubuhi nikiwa na inhela hiyo mkononi niliona, kwa uwazi ulionishtua, kwamba sikuwa nasahau. Nilikuwa nakwepa. Kuitumia siku ambayo naumwa ni tiba; kuitumia siku ambayo ni mzima ni kukiri kwamba ni mgonjwa hata nikiwa mzima. Kulikuwa na kitu kama huzuni hapo, kidogo, cha sekunde mbili, na kwa ajili ya kukwepa sekunde hizo mbili nilikuwa nalipa usiku mzima. Sasa huzuni ikija naisalimia, navuta dawa, nasukutua mdomo, naendelea na siku. Kama ukinilazimisha kutaja faida moja tu ya mafunzo haya kwa mapafu yangu, ningetaja hii, na haina uhusiano wowote na kufumba macho. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, wa GINA, hauwashauri watu wazima na vijana kutegemea dawa ya kufungua peke yake bila ile ya kutuliza uvimbe. Mimi nilikuwa nafanya hivyo kwa miaka, na nilikuwa na sababu nyingi nzuri.

Wanaonijua huniuliza kama sayansi inakubali. Jibu langu huwa ni la kuudhi: inakubali nusu. Mwaka 2012 Lori Pbert na wenzake huko Massachusetts walichapisha jaribio la watu wazima 83 wenye pumu. Wengine walipewa kozi ya wiki nane ya umakinifu, wengine masomo ya kuishi kwa afya. Baada ya mwaka, waliosoma umakinifu walikuwa na maisha bora zaidi na pumu yao na msongo mdogo zaidi. Utendaji wa mapafu haukubadilika. Mwaka 2022 wale wa Madison walichapisha jaribio jingine ambapo waliofanya kozi walidhibiti pumu yao vizuri zaidi, hasa wale waliokuwa na huzuni kubwa tangu mwanzo, na kukawa na ishara kwamba hata uvimbe ulipungua. Hilo la uvimbe lingenifurahisha sana likithibitika kwa watu wengi zaidi. Kwa sasa nalisoma kama habari njema ya jirani.

Kwa hiyo nikikuta mtu anauza kozi ya siku tatu akiahidi utaitupa inhela yako, natamani nimwonyeshe ile namba, 230, na uso wangu ulivyokuwa mtulivu. Shirika la Afya Duniani linakadiria pumu iliwaua watu 455,000 mwaka 2019. Siamini kwamba walichokosa ni utulivu. Nadhani wengi wao waliikosa dawa.

Mwezi uliopita dada alikuja kunitembelea. Saa kumi alfajiri, saa ambayo mapafu ya wengi wetu huwa dhaifu kuliko saa zote, niliamka kidevu kinawasha. Nikawasha taa ndogo, nikapuliza: 290. Nikatumia dawa, mara mbili, taratibu, nikaketi kwenye kona ya kitanda nikaweka nyayo chini. Mlango ukafunguka. Nadhani masikio yake hayajawahi kulala tangu utotoni. Alisimama hapo na kanga yake, mkono umeshanyooka kuelekea mgongoni mwangu, mdomo umeshafunguka.

"Vuta..." akaanza, akajishika. Nilikuwa nimemweleza habari ya kutoa mara nyingi mno. "Basi nivute nini?"

"Vuta kiti, dada."

Akavuta kiti. Tukakaa kimya, mluzi wangu ukipungua kidogo kidogo, mpaka ikawa sauti pekee chumbani ni saa ya ukutani. Baada ya robo saa nikapuliza tena: 365. Niligeuka kumwonyesha namba, lakini alikuwa ameshasinzia, kichwa kimelalia bega, anapumua kwa mdomo wazi.